Wilson Pro Staff RF97: gramu 357 mkononi, kuanzia sevu ya kwanza hadi seti ya pili

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimtazama Roger Federer, bingwa wa tenisi, kwenye runinga utadhani ameshika upepeo wa kupepea jiko. Ichukue raketi ile ile, ishike mwisho wa mpini, nyoosha mkono mbele yako na uhesabu hadi 30. Kabla hujamaliza, bega litakuwa limeshakupa habari zake.

Wilson Pro Staff RF97 Autograph iliingia sokoni mwaka 2014. Bila nyuzi ina gramu 340. Ikishafungwa nyuzi hufika 357 hivi, na ukiizungushia ovagripu (utepe mwembamba juu ya gripu) na kuweka kile kipira cha kupunguza mtikisiko unaigusa 365. Raketi walizonazo wachezaji wengi wa klabu, za kundi la Babolat Pure Drive, zina gramu 300 bila nyuzi. Tofauti ya gramu 40 haionekani hata kwenye kipimo cha sukari, lakini ukipiga mpira mara mia tatu jioni moja, utaijua ilipo.

Vipimo vingine kwa haraka: kichwa cha inchi za mraba 97, urefu inchi 27, fremu yenye unene wa milimita 21.5 toka shingoni hadi kileleni, nyuzi 16 za wima kwa 19 za mlalo, ugumu wa 68 hivi kwa kipimo cha RA. Mwili ni grafiti iliyosukwa pamoja na Kevlar. Gripu yake ya kiwandani ni ya ngozi: nyembamba, ngumu, na huacha kona za mpini zisomeke vizuri kiganjani. Rangi zilibadilika (nyeusi na nyekundu mwanzoni, kisha nyeusi tupu, kisha nyeusi na nyeupe), ila gramu 340 zilibaki pale pale.

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kusoma namba ya mizani na kuishia hapo. Shika shoka kwenye mpini, ulizungushe. Sasa ligeuze, ulishike kwenye chuma, ulizungushe tena. Mizani itakwambia ni uzito ule ule, mkono utakataa. Mafundi wa raketi hupima jambo hilo kwa mashine, na hapa tuliite uzito wa mzunguko: ugumu wa kuizungusha raketi kutoka nukta iliyo sentimita 10 juu ya kitako cha mpini. RF97 yenye nyuzi iko kwenye 335 hivi. Pure Drive iko karibu na 320. Kwa mizani RF97 imeizidi mwenzake kwa asilimia 12. Kwa uzito wa mzunguko imeizidi kwa chini ya asilimia 5. Maana yake sehemu kubwa ya gramu zile za ziada imelala kwenye mpini, ndani ya kiganja chako, na ukiisawazisha raketi juu ya ukingo wa meza itatulia kwenye sentimita 31.4 hivi kutoka kitakoni (hapo ndipo egemeo lake), karibu sentimita 3 chini ya nusu ya urefu wake. Ndiyo sababu anayeishika kwa mara ya kwanza husema "nzito", akaipiga mipira kumi akasema "mbona nyepesi", na baada ya saa moja akarudi kwenye neno lake la kwanza. Mara zote tatu anasema kweli.

Anza na voli, mpira unaopigwa kabla haujadunda, kwa kuwa hapo ndipo raketi hii inapolipa deni lake mapema. Mpira wa tenisi una gramu 56 hadi 59.4. Ukigonga raketi nyepesi nje ya katikati, fremu hupinda kiganjani na mpira huanguka wavuni au huruka ovyo. Fremu ya RF97 haitoki njiani upesi. Pande mbili za kichwa, saa tatu na saa tisa ukikifikiria kama uso wa saa, kuna uvimbe mdogo wa grafiti uliowekwa makusudi kuongeza uzito pembeni, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kuzuia kupinda. Kwenye wavu huna haja ya kuchapa. Weka uso wa raketi, funga kiganja wakati wa kugusa, sogeza mguu. Mpira unaenda mrefu wenyewe. Anayeendelea kuchapa voli kama alivyozoea kwa raketi ya gramu 300 atazipeleka nje kwa nusu mita, mara kwa mara, hadi atakapoacha.

Tabia hiyo ndiyo inayoifanya iwe nzuri mno kwa kurudisha sevu, mpira wa kuanzisha pointi. Mpinzani anayepiga kwa nguvu amekusaidia. Fupisha mkono wa nyuma, geuza mabega tu, zuia. Mpira unarudi mzito na wenye kina. Tatizo huja kwa sevu ya pili ya taratibu, inayoruka juu ya bega: hapo hakuna kasi ya kukopa, inabidi uitengeneze mwenyewe, na raketi nzito haianzi mwendo haraka kama unavyotaka.

Slaisi ya bekihendi ya mkono mmoja (mpigo wa kuukata mpira kwa upande wa nyuma ya kiganja) ni raha. Raketi inashuka kwa uzito wake yenyewe, mpira unateleza chini na hauinuki. Bekihendi ya mkono mmoja ya kupitisha mpira nayo inafaidika, kwa sharti kwamba mpira umegongwa mbele ya mguu wa mbele. Federer alichezea kichwa cha inchi 90 kwa miaka mingi. Julai 2013 akajaribu cha 98 kule Hamburg na Gstaad, akairudia ya 90, na 2014 akahamia kwenye hii ya 97. Fainali ya mashindano ya Australian Open ya 2017 dhidi ya Rafael Nadal, aliyoshinda kwa seti tano, iliwaonyesha watu faida ya zile inchi saba: mipira ya juu upande wa bekihendi, iliyokuwa ikimtesa miaka yote, aliipiga mapema, mbele, bila kurudi nyuma. Raketi haikumfundisha hayo. Ilimpa nafasi kidogo zaidi ya kukosea katikati ya nyuzi.

Wenye bekihendi ya mikono miwili hawana shida yoyote. Mkono wa pili unabeba nusu ya mzigo. Hili husahaulika, maana raketi imeandikwa jina la mtu wa mkono mmoja.

Fohendi, mpigo wa upande wa kiganja, inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiko watu wengi wanakoshindwa. Ukiwa umewahi, hakuna malalamiko: mpira unatoka na uzito ambao mpinzani anausikia kwenye kifundo chake, na kwa fremu ya milimita 21.5 hauruki hovyo kama kwenye raketi nene. Ukiwa umechelewa kidogo, sikiliza ushahidi. Kwa mtumia mkono wa kulia, mipira uliyokusudia kuivusha kwa mshazari inaanza kwenda moja kwa moja, kisha inatoka nje ya mstari wa kulia. Kisha inaanza kugonga fremu upande wa chini. Kisha inakuwa mifupi. Wengi wakiona hivyo huongeza nguvu za kifundo cha mkono ili kuikimbiza raketi, na hapo ndipo wanapoumia. Kifundo hakiwezi kuisukuma gramu 357 kwa ghafla mara mia na kisilalamike.

Dawa yake iko mapema kabla ya mpigo. Geuza mabega mpira ukiwa bado upande wa mpinzani. Ukisubiri uvuke wavu umeshachelewa. Anzia na kichwa cha raketi juu, usawa wa sikio, ukiache kianguke chenyewe. Mwanguko huo ndio unaoanza mwendo, na ni wa bure. Legeza kiganja, maana anayeibana raketi nzito huchoka kwenye mkono wa mbele kabla ya bega. Na usifupishe mwisho wa mpigo: raketi hii ikishaanza kwenda ina mwendo mwingi, na kuifunga breki ghafla ni kazi ya bega lako.

Wanaopenda kuchapa mpira kwa mzunguko mkali wa kupanda, kwa mtindo wa kufagia kioo cha gari, wataiona nzito. Nyuzi 16 kwa 19 zinashika mpira vizuri na mzunguko unapatikana, lakini kwa njia ya mpigo mrefu. Mwenye mpigo mfupi wa haraka atapata mzunguko mwingi zaidi kwa raketi ya gramu 300 yenye kichwa cha inchi 100, na hilo halina aibu.

Sevu ina sura mbili. Sevu ya kwanza bapa, seti ya kwanza, ni kama kurusha jiwe kwa kombeo: mwendo wa taratibu, mpira mzito. Sevu ya kiki, inayotaka raketi ipande haraka nyuma ya kichwa, ndiyo ya kwanza kufa uchovu ukiingia. Dalili yake ni sevu za pili kuanza kulala wavuni karibu na gemu ya kumi na tano hivi. Wakati huo usirushe mpira juu zaidi. Kama unatumia mkono wa kulia, urushe kidogo upande wa kulia, punguza kasi, ongeza slaisi. Kama sevu zako za pili zinakufa kwenye gemu ya sita, hapo si uchovu wa kawaida, raketi imekuzidi.

Na jambo hili la muda ndilo linalowaponza wanaojaribu raketi dukani au kwa kuazima ya rafiki dakika kumi. Dakika kumi za kwanza RF97 humshinda kila mtu kwa uzuri. Ijaribu seti mbili kamili, siku ambayo umeshafanya kazi ya kutwa, na mtu anayekukimbiza. Hesabu makosa ya seti ya pili peke yake.

Ukikosa wa kukuazima, unaweza kuiga uzito wake kwa raketi yako ya gramu 300. Toa gripu, zungushia mpini utepe wa risasi wa gramu 25, ukiuweka ndani ya sentimita 15 za chini, kisha rudisha gripu. Bandika gramu 4 upande wa saa tatu na gramu 4 saa tisa, ndani ya fremu. Gramu zile 25 za mpini haziongezi karibu chochote kwenye uzito wa mzunguko, kwa kuwa zipo pale pale raketi inapozungukia. Zile 8 za pembeni zinaongeza 15 hivi. Jumla unakuwa kwenye gramu 351, uzito wa mzunguko 335 na egemeo chini ya sentimita 32, karibu kabisa na RF97. Pima kwa mizani ya jikoni, usikadirie kwa macho, na unawe mikono baada ya kushika risasi. Usiweke hata gramu 3 kileleni kwa kudhani ni kitu kidogo: zinapandisha uzito wa mzunguko kwa 10, karibu mara mbili ya athari ya gramu zile zile zikibandikwa pembeni, na raketi hugeuka nyundo.

Kiwiko. Watu husema raketi nzito huumiza mkono. Kwa mtikisiko wa mgongano ni kinyume: fremu nzito hunyonya kishindo ambacho nyepesi ingekipitisha kiganjani. Lakini RA ya 68 ni ugumu wa kutosha, na mtu akiifunga nyuzi za poliesta tupu kwa mkazo wa pauni 56 amejitengenezea bomba la maji. Maumivu mengi yanayolaumiwa kwa RF97 yametoka kwenye nyuzi, na mengine kwenye kuchelewa.

Wilson wanaelekeza pauni 50 hadi 60. Federer alitumia utumbo wa ng'ombe kwenye wima na poliesta ya Luxilon ALU Power Rough kwenye mlalo, na mpangilio huo unaifaa fremu hii kweli kweli: utumbo unatoa ulaini na kina, poliesta inazuia usiruke mno na kuziacha nyuzi za wima ziteleze na kurudi. Pauni 52 wima na 50 mlalo ni mwanzo mzuri. Kwa kuwa ni nyuzi mbili tofauti, fundi lazima afunge kwa vipande viwili, mafundo manne. Utumbo ni ghali, na aliyezoea kukata nyuzi kila wiki mbili afikirie multifilamenti (uzi laini wa nyuzinyuzi nyingi zilizosokotwa) pauni 54 badala yake. Inapoteza makali kidogo kwenye slaisi lakini kiwiko kinalala usingizi. Ukishikilia poliesta tupu, shuka hadi 46 au 48 kama fremu inakuvumilia, na uikate ikifika saa 15 hivi za mchezo hata kama haijakatika. Poliesta hufa kabla ya kukatika, na mchezaji huanza kupiga kwa nguvu zaidi bila kujua kwa nini.

Mahali unapochezea pana neno lake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali na kuruka juu. Kanuni za tenisi zina mpira maalumu wa nyanda za juu, kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Ukitumia wa kawaida huko, RF97 inayopenda kupeleka mpira mrefu itaupeleka nje. Ongeza pauni 2 au 3. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ni kinyume. Unyevu unaufanya mpira mzito, na hapo ndipo uzito wa raketi unaposaidia kuliko kawaida, ila utumbo wa ng'ombe hauelewani na unyevu: unaanza kuchanika nyuzinyuzi, hasa ukichezewa baada ya mvua au ukiachwa kwenye mkoba wenye taulo bichi. Buti la gari lililoegeshwa juani ni kaburi la nyuzi za aina yoyote.

RF97 nyingi zinazopatikana leo zimeshatumika, na bandia zipo. Mizani ndiyo shahidi wa kwanza. Yenye nyuzi, bila ovagripu, inapaswa kusoma kati ya gramu 350 na 364 hivi. Ikisoma 330, muuzaji ama amebadilisha kitu ama anauza rangi. Egemeo likiwa zaidi ya sentimita 33, iache. Kisha kagua mwili. Pitisha ukucha kwenye fremu pande mbili za juu, penye namba 10 na namba 2 za uso wa saa, ambako raketi hugongwa chini kwa hasira. Mchubuko wa rangi si kitu, lakini mstari mwembamba unaozunguka fremu ni ufa, na fremu yenye ufa hukunjika siku ya kufungwa nyuzi, mara nyingi mikononi mwa fundi asiye na hatia. Tazama vile vitundu vya plastiki vinavyopitisha nyuzi: vikiwa vimekatika, uzi utasagwa na grafiti na kukatika mapema. Seti mpya ya plastiki na bampa (kinga ya kileleni) hununuliwa na kubadilishwa kwa chini ya saa moja, basi punguziwa bei, usikatae raketi. Sauti ya kitu kinachochezacheza ndani ya mpini kwa kawaida ni gundi iliyokauka, inakera, haidhuru.

Je, ni ya nani? Mchezaji mwenye mipigo mirefu iliyokamilika, anayefika kwenye mpira na kusimama, anayependa wavu na slaisi, na mwenye bega lililozoezwa. Kwenye mchezo wa wawili wawili wigo unapanuka, kwa kuwa mipigo ni michache na voli ni nyingi; wapo wazee wa klabu wanaoshindwa kumaliza seti ya peke yao na raketi hii, lakini kwenye wavu wa wawili huwezi kuwapita. Kijana wa miaka 14 anayekua asipewe, hata akiililia. Wala mtu anayetoka kwenye maumivu ya bega.

Aliyeko katikati ana njia mbili. Pro Staff 97 ya kawaida ina gramu 315 bila nyuzi na umbo la familia moja. Inasamehe kuchelewa kidogo, na sehemu ya utulivu wa wavuni inapotea. Ya pili ni RF 01 Pro iliyotoka 2024, kichwa inchi 98, gramu 320, fremu nene zaidi. Ina nguvu zake yenyewe na inazunguka haraka, lakini haina ule mguso wa fremu nyembamba unaokuambia mpira umegusa uzi upi. Moja inaweza kuitwa maendeleo, nyingine tabia. Mkono wako uchague.

Ukishanunua, nunua mbili, na uzipime zote. Raketi mbili zenye maandishi yale yale hutofautiana gramu kadhaa toka kiwandani, na kwenye uzito huu mkono unazitambua. Iliyo nyepesi iongezee utepe hadi zilingane: kwanza linganisha egemeo, kisha mizani. Usijaribu kupunguza nzito kwa kuivua ngozi na kuweka gripu laini ya sintetiki. Utaokoa gramu 10 hivi, zote za mpini, egemeo litapanda kuelekea kichwani, na raketi iliyopungua uzito itakuwa ngumu kuizungusha vile vile, huku kiganjani ikihisi nzito zaidi kwa mbele.